Kalamu ya Tekla, Karatasi Yangu

Sifaeli, wewe ndiye katibu wa kamati ya sherehe, kwa hiyo naanza na wewe. Jalada la programu hii mmelichapisha Mafinga bila kumwuliza mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na kitabu chetu cha ubatizo. Mmepiga picha ukurasa mmoja, mkaandika chini yake "Mwandiko wa Karani Wetu Mpendwa", tena kwa zile herufi za kompyuta zinazojifanya zimeandikwa kwa mkono, kila moja sawasawa na mwenzake kama vifaranga vya mashine. Mmekosea. Mlipokosea nitasema nikifika huko, maana uliniambia, "Bibi, anza na miaka ya utumishi, halafu weka mazuri mazuri." Haya, naanza na miaka.

Tekla Didas Mhema aliajiriwa kuwa karani wa Usharika wa Lyanika tarehe 3 Februari 1986. Anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Novemba 2025. Ni miaka thelathini na tisa na miezi karibu kumi. Kamati imehesabu kwamba katika muda huo ameandika kwa mkono wake majina ya wabatizwa 4,106. Mimi nasema ni 4,095. Tofauti hiyo nayo nitaifikia.

Anayeandika haya ni Tumpe, mhudumu wa kanisa na ofisi tangu mwaka 1989. Nafagia, napiga deki, napika chai ya wazee wa kanisa wanaolalamikia sukari. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwetu Tukuyu, basi. Walinichagua niandike kwa kuwa hakuna mwingine aliyekaa na Tekla muda mrefu kama mimi. Hilo ni kweli. Ila wangeniuliza kwanza kama nampenda ningewaambia subirini nifikiri. Huyu mama nimemwonea wivu tangu siku ya kwanza, na sitaki mtu anisahihishe aandike kwamba nilimhusudu kidogo. Nilimwonea wivu hasa.

Tuseme kazi yake. Baba yake, marehemu mwinjilisti Didas, alimfundisha kuandika angali mdogo, kwenye daftari la mistari minne: herufi ndefu inagusa mstari wa juu, yenye mkia inashuka mpaka wa chini, zile fupi zinakaa katikati kama watoto kwenye benchi. Kalamu ikipanda, mstari unakuwa mwembamba. Ikishuka unaikandamiza kidogo, unanenepa. Na mkono hauinuki mpaka jina liishe. Ukiinua katikati, baba anakuambia uanze ukurasa upya. Tekla anasema alijaza daftari zima kwa herufi moja tu, M, kwa sababu ukoo wao ni Mhema na baba hakutaka aibu.

Alipoingia ofisini alikuta vitabu vitatu vya ubatizo kwenye kabati. Cha kwanza kiliandikwa na wamisionari Wajerumani kabla ya vita ile ya kwanza. Herufi zake zimeungana lakini zina ncha kali juu na chini, ukitazama unadhani ni meno ya msumeno wa kiwanda cha mbao pale Sao Hill. Cha pili ni cha walimu wetu wenyewe waliofuata. Mwandiko wa mviringo, umelala kidogo upande wa kulia, mzuri, unasomeka hata na mimi. Cha tatu ni cha karani aliyemtangulia, aliyeleta kalamu ya biki. Biki haijui wembamba wala unene. Majina ya miaka hiyo yamelala chali kama wagonjwa.

Tekla aliikataa biki. Alirudisha kalamu ya nibu, ile ncha ya chuma ya kuchovya, na kidau cha wino, akarudisha ule mlazo wa walimu wa kitabu cha pili, juu yake akaongeza mkia wake mwenyewe. Kila herufi kubwa ya Tekla ina mkia unaopita chini ya jina na kurudi, kama mtu anayekunja kitenge kiunoni. Na jioni nyingi alikaa na kile kitabu cha Wajerumani mpaka akajua kusoma ile misumeno. Mwaka 2003 walikuja watu wa ukoo mmoja kutoka Chunya. Babu yao alibatizwa hapa kabla hajaenda kutafuta dhahabu, na walitaka jina lake kamili ili waliandike kaburini. Walikuwa wamezunguka sharika mbili bila kupata. Tekla aliweka kidole, akasoma mstari wote: jina la babu, la mama yake, mpaka la mlima alikozaliwa. Mzee mmoja wa ukoo ule alikaa sakafuni akalia. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, na hata machozi yale nilimwonea Tekla wivu.

Sasa niwaambie wivu wenyewe ulianzia wapi. Mwaka 1984 alikuja Tukuyu kijana wa Mafinga na lori la mbao, jina lake Aroni. Aliponiona alirudi kwao akaanza kuniandikia barua. Barua zile, jamani. Nilikuwa nazifungua polepole ili bahasha isichanike pale ilipoandikwa jina langu. Nikamwambia dada yangu Frida, "Mwanaume mwenye mkono uliotulia namna hii hawezi kumpiga mke." Frida akasema, "Utaolewa na karatasi wewe." Nikaolewa, nikaja huku kwenye baridi. Mwaka 1986 tukambatiza mwanetu Isakwisa. Naingia sakristia na mtoto mgongoni kutazama jina lake kitabuni, naona mkia ule ule wa bahasha zangu, wino haujakauka, na aliyeshika kalamu ni Tekla.

Nilipofika nyumbani nikamwuliza Aroni. Akakuna kichwa. "Maneno yalikuwa yangu," akasema. "Mkono tu ndio nilikopa. Nilimpelekea kuku." Kuku wangapi, nikauliza. Akasema wawili, kwa barua zote. Kwa hiyo mimi niliposwa kwa kuku wawili na mwandiko wa mwanamke mwingine. Aroni alikuwa mume mwema na Mungu amrehemu, lakini mpaka anakufa nilimnyima mguu wa kuku kila sikukuu, na sababu aliijua.

Miaka mitatu baadaye nikaajiriwa hapa. Kazi niliyopewa pamoja na ufagio ilikuwa ya kushika karatasi. Vijana hawajui, kwa hiyo naeleza. Katika usharika huu, watoto wakishabatizwa, akina mama wanasubiri nje ya sakristia. Karani anafunga mlango ili mkono usitikiswe na kelele. Ndani wanabaki wawili tu, anayeandika na anayekausha. Tekla anaandika jina. Mimi nimesimama kushoto kwake na kipande cha karatasi laini ya kunyonya wino, ambayo shemeji yangu Fred alikuwa akinitafutia alipokuwa anafanya kazi kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Nalaza karatasi, nakandamiza kwa kiganja, nahesabu mpaka tano, nainua. Halafu jina linalofuata. Mwisho mlango unafunguliwa, akina mama wanaingia, wanamsifu Tekla. Miaka thelathini na sita sijasikia mtu akisema, "Tumpe, umekausha vizuri."

Lakini kile kipande cha karatasi kinabaki na jina. Limegeuka nyuma mbele, ila lipo lote, na unene wake na wembamba wake. Sikuvitupa. Nilivitia kwenye kopo la biskuti, nyumbani nikavisoma kwa kioo cha mkononi. Asubuhi, kabla sijapiga deki, nilichovya kijiti kwenye ndoo nikaandika kwenye sakafu ya kanisa, kuanzia madhabahuni kwenda mlangoni, mkono hauinuki mpaka jina liishe. Saruji inakauka haraka. Nilifanya hivyo miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyejua isipokuwa Mungu, ambaye nyumba ni yake.

Jumamosi Kuu ya mwaka 2011 Tekla aliungua. Sufuria ya uji ilikuwa yangu, ila sikumsukuma. Aliinama kuonja bila kuombwa, tabia yake. Mkono wa kulia ulivimba mpaka kwenye kiwiko. Kesho yake, Pasaka, wakabatizwa watoto kumi na mmoja. Tukaingia sakristia, akafunga mlango kwa mkono wa kushoto, akakaa, akaitazama kalamu. Nje akina mama wanaimba. Nikamwambia, "Ondoka hapo." Akasema, "Tumpe, hiki si kitabu cha kufanyia majaribio." Nikamwambia, "Nimekwisha fanya majaribio. Ondoka." Akaondoka.

Niliandika majina kumi na moja, yale niliyoyatoa kwenye hesabu ya kamati. La saba lilikuwa la Eveline, binti yako wewe Sifaeli. E yake niliizungusha mara mbili, nikaupeleka mkia mpaka chini ya jina lako. Tekla alisimama kushoto kwangu, akakausha kwa mkono mzima. Tukafika jina la mwisho. Halafu akasema, "Mkia wako ni mrefu kuliko wangu." Nikamjibu, "Ndiyo."

Mlango ukafunguliwa. Mkono wenye bandeji Tekla ameufunika kwa kitenge, nami nimesimama kando. Mama mmoja akatazama ukurasa akasema, "Mama Karani, leo umejipita mwenyewe." Na Tekla akasema, "Asante, mwanangu."

Hilo ndilo nililobeba miaka kumi na minne. Kuungua nilimwonea huruma. Kalamu niliirudisha kesho yake bila kuombwa. Lakini ile asante ilikuwa yangu. Nilipomfuata jikoni aliniambia, "Kanuni inasema karani peke yake. Nikikutaja, watayafuta yale majina, na watoto watakuwa kama hawakubatizwa." Labda alikuwa sahihi. Labda aliogopa. Siku ya tatu nilikuta kwenye rafu yangu ya sabuni nibu mpya, imefungwa kwenye kipande cha karatasi ya kunyonya. Hatukuizungumzia. Hajawahi kumpa mtu mwingine nibu.

Sasa Sifaeli, chukua jalada lako ulitazame vizuri. Kamati imepekua kitabu chote, kurasa za miaka karibu arobaini, ikatafuta ukurasa mzuri kuliko zote ili kumheshimu Tekla. Mmechagua Pasaka ya 2011. Huo ni mkono wangu. Nilipoletewa nakala nilikaa kwenye gunia la mkaa, nikacheka mpaka mjukuu wangu akaja kuniangalia.

Na Alhamisi nimekwenda kwa Mchungaji Lusekelo nikamweleza yote kabla hamjasoma, asije akashtuka madhabahuni. Alicheka. Akasema ubatizo ni maji na Neno, wino ni wa kutusaidia sisi tunaosahau. Majina yanabaki. Kwa hiyo msinitishe na kanuni.

Lipo jambo moja ambalo kama lisingekuwepo ningekaa kimya. Kamati imeamua kwamba kuanzia Desemba majina yachapwe kwa kompyuta, yakatwe kwa mkasi, yabandikwe kitabuni kwa gundi. Sababu mliyoandika kwenye muhtasari ni kwamba "baada ya Karani Tekla hakuna mwingine awezaye". Nimefagia chini ya hiyo meza mliyoandikia. Hakuna aliyeinama kuniuliza.

Tekla, wewe sasa. Umefanya kazi nzuri, nami nimeitazama kwa karibu kuliko mtu yeyote, sentimita kumi kutoka kiganjani. Hukuwahi kuharibu jina la mtoto wa maskini kwa haraka, wala kulipamba zaidi la mtoto wa tajiri. Wote uliwapa mkia sawa. Barua ulizoniandikia bado ninazo, na siku moja utaniambia yale maneno kuhusu ukungu wa Rungwe yalikuwa ya Aroni au yako. Unakwenda kukaa kwa mwanao Chunya. Kule ni vumbi, funika maji ya kunywa. Asante kwa miaka yote, asante kwa nibu. Usharika unakuombea afya, mkono usitetemeke, na wajukuu wanaosikia wakitumwa. Ndaga, ndiyo asante kama tunavyosema kwetu.

Yanayotakiwa kufanyika ni haya. Jalada lisitupwe, ila Sifaeli uchukue kalamu uandike jina langu chini ya picha kwenye kila nakala, zote mia mbili, kwa mkono. Gundi irudishwe dukani. Jumapili ya tarehe 7 Desemba kuna watoto sita wa kubatizwa, na kidau kiwe kimejazwa kabla ya ibada. Nibu ninayo. Na wewe Tekla, basi la Chunya lisubiri mpaka Jumatatu ya tarehe 8. Jumapili hiyo ya ubatizo uingie sakristia na mimi, ufunge mlango, usimame kushoto, ushike karatasi. Ukikandamiza, uhesabu mpaka tano. Na mlango ukifunguliwa, mimi ndiye nitakayesema asante.