Neno la Mama Jiweni

Kijiwe cha kahawa kiliegemea karakana ya mchonga mawe ya makaburi, na vumbi jeupe lilishuka polepole mchana kutwa mpaka watu wakaonekana kama wanaotoka usingizini. Siku hiyo dereva wa lori alikaa katikati ya benchi, macho kwenye jiwe la marehemu mama yake. Jina lilishachongwa. Chini yake alitaka neno moja la Kiingereza, "nice". Ndilo pekee mama alilolijua, na alisifia kila kitu kwalo: mvua, shuka mpya, sabuni yenye povu.

— Subiri, mwanangu, alisema Kamusi, mwalimu mstaafu. Zamani sana neno hilo lilimaanisha mjinga.

Dereva aliweka kikombe chini.

— Mjinga, mzee?

— Asiyejua kitu. Limetoka Kilatini. Baadaye likawa mtu wa kuchaguachagua, ndipo likafika kwenye uzuri.

— Limetembea hilo, alisema Kinyozi. Ila mzee unatuzungusha. Lilianzia kwenye kiti changu. Mtu anajitazama kiooni, anakosa la kusema, anashusha pumzi: naaais.

— Wewe ulikuwepo? aliuliza Kamusi.

— Wa kwanza kulisema alikuwa amesinzia. Aliota kanyolewa vizuri, akaamka nalo mdomoni.

Mchonga mawe alipuliza patasi yake.

— Halikutoka kwa watu. Mimi hulisikia kwenye jiwe laini, chuma kikiteleza. Mawe ndiyo yalianza.

Hakuna aliyecheka. Walitega masikio kweli, na dereva pamoja nao, moyo ukimwenda huku na huku. Alilitaka neno la mama. Hakutaka msomi apite amcheke.

— Haya, mjomba, nichonge nisichonge? mchonga mawe alimuuliza.

Fundi cherehani alikuwa amefika kunoa mkasi, akasimama kusikiliza.

— Samahani, kaka. Mara ya mwisho mama alilisema akisifia nini?

Benchi zima lilimgeukia dereva. Mama alipozidiwa yeye alikuwa safarini. Aliyemuuguza ni dada yake, na kwa aibu hakuwa amemuuliza lolote tangu mazishi.

— Sijui, fundi.



— Basi paache wazi hapo chini ya jina, dereva alimwambia mchonga mawe, akiinuka. Kwa dada ni mtaa wa pili tu.