Dada Yetu, Daktari wa Pumzi za Panya na Sungura

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, nyuma ya karakana ya reli, akiwa kifungua mimba wa fundi chuma na mkunga. Alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Akiona unywele kwenye uji, siku hiyo hakula tena. Mama alimtania, "Wewe utaolewa na sabuni."

Alisoma sekondari ya bweni, kisha mwaka 1979 akaingia chuo kikuu kusomea udaktari wa wanyama. Tulicheka: mtu anayekimbia kamasi za wadogo zake!

Mwaka 1986 aliajiriwa na maabara ya utafiti wa dawa. Panya au sungura akishalazwa kwa dawa ya usingizi ili apasuliwe, yeye alimnyoosha shingo, akamvuta ulimi pembeni kwa pamba, akamdondoshea dawa ya ganzi kooni, akamulika, akangoja avute pumzi, ndipo akapitisha mrija mwembamba hadi kwenye bomba lake la hewa. Wenzake walisukuma mrija tu, bila kumulika, mpaka povu jekundu likatoka puani. Wanyama walisongwa na kamasi zao wenyewe, wakatupwa ndooni wengine bado wakitapatapa. Siku ya kwanza dada alitapika kwenye sinki.

"Panya ni panya tu, Daktari," mkuu wa maabara alimwambia. "Utazoea."

"Nimeshazoea kamasi," alijibu. "Kinachonitia kichefuchefu ni wewe."

Akahamishiwa stoo. Walisahau kwamba dawa za usingizi hutunzwa humo. Asubuhi moja mwaka 1991 alifunga kabati, akatia ufunguo kifuani, akasema hatoi hata tone kwa asiyejua kupitisha mrija. Kazi ikasimama. Bodi ya maabara ilipokuja, alifungua, akaomba wamtazame mkuu akifanya mwenyewe. Sungura alikufa mbele yao, damu na makohozi yakitapakaa mezani. Mjumbe mmoja alikimbia nje kaziba mdomo. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kupasua mnyama kabla ya kufundishwa na dada.

Aliolewa tarehe 17 Desemba 1988 na fundi cherehani. Mama mkwe alikataa chakula chake mwaka mzima: "Mikono hiyo imetoka kinywani mwa panya!" Shemeji alikula sahani zote mbili, akanenepa.

Vumbi la manyoya na mikojo ya vizimba lilimletea pumu, nayo ikamla mapafu. Alilazwa tarehe 11 Februari mwaka huu. Chupa ya mashine ya kunyonya makohozi ilikuwa imejaa ya wagonjwa wengine, mazito, ya kijani. Dada, asiyeweza tena kusema, aliinyooshea kidole.

"Ni kawaida, Mama," muuguzi alisema.

Dada akageukia ukutani, akafumba mdomo asitiwe mrija, hadi chupa ilipooshwa. Alifariki tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Jana yule mkuu wa zamani wa maabara alileta shada lenye utepe ulioandikwa, "Mwenzetu mpendwa." Mimi, mdogo wake wa mwisho, nililibeba hadi getini kwake na kulirudisha. Lilinuka.

Dada ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake wanne, na wanafunzi wengi wenye mikono mipole.

Pumzika, Dada, mahali pasafi.