Siku Tisa za Yaneth

"Mimi nawaombea waliokufa, siwaombei wanaojipangia siku ya kufa," alisema Bibi Eumelia, rozari mkononi, gari la kebo likipanda juu ya mapaa ya Medellín.

Yaneth hakukasirika. Ndiye aliyeanza kwa kuomba aombewe, alipomtambua bibi anayeongoza sala za siku tisa kila palipo na msiba.

"Kwani ugonjwa wako unaua?"

"Hauui, bibi, ndiyo taabu yake. Miaka kumi na mmoja mishipa inaniunguza, na daktari anasema naweza kufika themanini. Sheria inaniruhusu kusaidiwa na madaktari kufa. Ni Jumatano ijayo."

"Sheria si Mungu."

"Hata dada yangu kasema hivyo, tena kaapa kwamba sitaombewa. Basi niombee sasa nikiwa nasikia. Maiti hata amina hajibu."

Eumelia alihesabu kwa punje za rozari. "Leo Alhamisi. Siku tisa zinaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Jumatano utaniachia sala katikati, na mimi sala sijawahi kuikatisha. Wala usidhani nimekubaliana nawe."

Yaneth akapiga simu kliniki hapo hapo. "Naomba siku yangu isogezwe hadi Jumamosi. Ndiyo, nina shughuli."

Walikubali bila kuuliza shughuli gani.

"Mungu akulipe, bibi," alisema, akifuta macho. Kwa miezi mingi hakuna aliyetaka kitu kutoka kwake isipokuwa sahihi yake kwenye fomu.

"Inamisha kichwa."

"Shingo haiinami."

"Basi nitainama mimi."

Mlango ulipofunguka kituoni, walikuwa wamefika amina ya kwanza.