Ubeti Ulioondolewa Kitabuni

Sikilizeni wanangu, sogeeni karibu, maana pumzi iliyobaki si ya kuhubiri. Daktari alisema mnirudishe nyumbani, nami nilimwelewa. La kuvunda halina ubani. Nyumba hii msiiuze. Kinanda ni cha binti yangu, na ile sauti inayolia kama mbuzi asiitengeneze, ndivyo tulivyozoeana. Joho ni la kaka yenu mkubwa, kwa kuwa mimbari niliyoiacha ndiyo anayosimamia leo.

Sasa neno lenyewe. Najua mtanizika kwa ule wimbo wangu, kwani huimbwa kila msiba, hata wasioingia kanisani wanaujua. Niliutunga wiki ile pacha wa kaka yenu alipokufa kwa homa, baada ya mimi kumwombea hadi magoti yakachubuka. Katika ubeti wa nne nilisema nilichokiona: “Nilibisha, hukufungua, mwana akapoa mikononi mwangu.” Wazee wa kanisa walipopanga kitabu cha nyimbo wakaukata, wakatia wao wa kushangilia, wakaniambia Mkristo hamlalamikii Mungu kwa sauti nne. Daudi alilalamika, mbona hakuna aliyemkatia zaburi? Tangu hapo mama yenu aliimba beti tatu tu, wa nne ukifika anaketi na kufunga kitabu. Tulipomzika, wakauimba uleule wa furaha juu ya jeneza lake. Jambo hilo linaniuma kuliko kifua hiki.

Juu yangu uimbwe wa kwangu. Kaka mkubwa, unatikisa kichwa. Unasema wazee watakuvua uchungaji, na huenda wakakuvua kweli, nawe una watoto wa kulisha. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na aliyepoa ni uliyelala naye tumbo moja. Joho ni lako, uimbe usiimbe.

Ngoja niwaanzishie, nisikie kama mmeushika, maana nikifa nao haumo popote. Binti yangu, chukua sauti ya kwanza… “Nilibisha…” Ndiyo, hivyohivyo. Ya pili, fuata… ya tatu… msiburute, wanangu.

Ya nne siisikii.

Mwacheni kaka yenu. Msimtazame, endeleeni… endeleeni bila ya nne. Mungu awabariki ninyi mnaoimba… na huyu aliyenyamaza… ambariki kwanza.