Bei ya Kulala Trieste

Ufukwe wa Pedocin una ukuta katikati, mweupe, mrefu kuliko watu wawili waliobebana, unaoshuka toka barabarani mpaka majini. Wanaume huku, wanawake na watoto kule. Babu zao waliogelea hivyo hivyo na hakuna aliyekufa kwa hilo. Upande wa wanaume, pale ukuta unapotupa kivuli chembamba asubuhi, pana benchi la mbao, na hilo benchi lina wenyewe. Ni wastaafu watatu, wote wana kaptura za kuogelea, na hakuna anayekumbuka ni lini mmoja wao aliingia majini kupita magoti. Kahawa yao hutoka upande wa pili. Ondina, mke wa Nereo, mmoja wa hao watatu, huipika nyumbani, huja nayo kwenye chupa, kisha huipitisha pale ukuta unapoishia, yeye kasimama kwenye maji ya vifundoni kule, mumewe kwenye maji ya vifundoni huku. Kiangazi kizima ndoa yao huendeshwa hapo.

Mwaka huo benchi lilikuwa na kazi kubwa. Nereo ana mdogo wake, Duilio, aliyepanda meli ya Australia enzi zile vijana wa Trieste walipokuwa wakihama kwa maelfu kutafuta kazi, na tangu siku hiyo hajarudi. Hata mama yao alipozikwa alituma shada la maua tu. Baada ya Pasaka akapiga simu. Alisema Septemba anakuja kutembea, wiki mbili, kisha akauliza hivi: "Kaka, nitenge kiasi gani? Hoteli za huko siku hizi bei gani?"

Swali lile lilimchoma Nereo pabaya. Mtu mliyezaliwa nyumba moja, mkalala chumba kimoja, kitanda chake kikiwa kile cha dirishani, leo anakuulizia bei ya hoteli kama Mjerumani aliyeshuka kwenye treni. Nereo akajibu kwa sauti ya karani kwamba ataulizia. Kama mtu anataka bei, atapewa bei. Lakini tangu siku hiyo hakuwa na raha, maana hakujua Septemba itamletea mdogo wake au itamletea mtalii.

Basi akawapelekea wenzake swali hilo, akijifanya ni jambo la hesabu tu.

Wa kwanza ni Ferruccio, ambaye wanamwita Waziri wa Fedha kwa sababu alikuwa tarishi wa benki na amewafungulia mlango watu wengi wenye hela. Wa pili ni Stelio, Admirali, aliyekatisha tiketi za boti ya kwenda Muggia, ng'ambo tu ya ghuba, na yeye mwenyewe bahari akaijulia dirishani. Tatizo lao lilikuwa moja. Wote watatu wamezeeka Trieste, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kwenye hoteli ya Trieste. Hata kuulizia bei hawajawahi.

— Lira elfu themanini kwa usiku, akasema Waziri.

— Umeulizia?

— Nimeutazama mlango. Mlango ule ukiutazama tu unajua.

Admirali akacheka, akasema hiyo ya elfu themanini ni ya watu wa kupita, tena inatazama ua wa nyuma, na asubuhi utaamshwa na mapipa ya taka. Duilio si mtu wa kupita.

— Wahenga walisema mwenda kwao si mtumwa. Maana yake nini? Maana yake nyota nne. Mtumwa ndiye analala nyota mbili.

— Hapo umenena, mzee mwenzangu, akasema Waziri, na akaongeza elfu arobaini papo hapo.

Nereo alisikia methali hiyo ikimpita sikioni na kuna kitu kikamgusa, lakini Admirali alikuwa ameshafika chumbani. Kwake yeye chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, dirisha linatazama bahari. Alieleza shuka zilivyo, nzito, zimepigwa pasi mpaka zinateleza. Alieleza unavyolala chali, taa hujawasha, na mwanga wa meli inayotoka bandarini unaingia dirishani, unatembea darini polepole, unapotelea ukutani, halafu unakuja wa nyingine. Miaka arobaini na kitu amezitazama zile meli akiwa amesimama. Alitaka kujua zikoje ukiwa umelala.

Kila mtu alikuwa kwenye kile kitanda. Waziri alikuwa ameshaamka, yuko kibarazani anakunywa chai, mbele yake vile vikopo vidogo vya jamu, vya aina tano, na hakuna wa kumwambia achague kimoja. Nereo naye alilala chali akatazama mwanga ukipita darini, na alipogeuza shingo akaona kitanda cha pili, na Duilio kalala humo, ana miaka kumi, mdomo wazi. Akaona uchungu, akaomba kahawa.

Siku nyingine walikuja na mipango ya kubana matumizi. Waziri alisema kosa kubwa ni Septemba. Aje Januari, ukivuma ule upepo mkali wa baridi wanaouita "bora". Watalii wote wanakimbia, hoteli zinabaki tupu, bei inashuka chini. Tena nauli ya teksi haipo. Manispaa hufunga kamba kwenye kona za barabara ili watu wajishikize, basi yeye asizishike. Apande juu mjini, afungue vifungo vya koti, upepo umshushe mpaka bandarini bure.

— Na kurudi juu je? akauliza Nereo.

— Wiki mbili nzima atashuka tu. Kupanda ni siku ya kuondoka.

Chakula hakikuwasumbua. Wakakubaliana atapanda vilimani kwa wakulima, afuate kile kitawi cha majani wanachokitundika njia panda kuonyesha kwamba leo wana divai ya kuuza, na huko atakula mayai na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa bei ya zamani. Ila Waziri alishikilia kwamba hata hoteli yenyewe ina ahueni, kwani mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo kuanzia siku ya tatu hoteli wanalazimika kumpa kazi, na mwenye kazi halipi chumba. Alipoambiwa sheria hiyo haipo, alisema Roma bado hawajaitangaza.

Ikafika Julai, siku ya joto ambayo hata bahari ilikuwa imelala. Bajeti ilikuwa imepita lira milioni tatu, na Nereo alikuwa amechoka. Hapo ndipo Admirali alipokuja na wazo ambalo, kwa maelezo yake, lilimkosesha usingizi kwa uzuri.

— Aje kwa meli. Na akifika, asishuke.

— Asishuke?

— Akae palepale sitahani, wiki zote mbili. Mji wetu uzuri wake unauona ukiwa majini, kila mtu anajua. Ataona vilima, ataona taa, ataona hata ukuta huu. Sisi tutasimama hapa tutampungia mikono. Hoteli sifuri. Chakula cha melini. Halafu meli inageuza.

Waziri alifumba macho akaitazama picha hiyo, akasema ni nzuri sana. Nereo aliiona meli ikigeuza, na mtu mdogo sitahani kapunga mkono, mbali mno hata hujui kama anacheka au analia. Aliwahi kuiona meli hiyo. Siku ile alikuwa gatini na mama yao, na mama alimkamata mkono mpaka ukafa ganzi.

Wakati huo kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mtu mpya, mnene, mweupe wa kifua, taulo begani. Lafudhi ilimtambulisha hata kabla hajamaliza kusalimia. Ni fundi bomba wa Udine, mji wa jirani wanaotaniana nao, amekuja kutembea siku nne.

— Wa Udine huyo, akasema Admirali. Mpe kahawa polepole, asishtuke.

Mgeni akacheka, akapokea kikombe. Waziri, kwa heshima ya cheo chake, akamuuliza yeye ametenga kiasi gani kwa hizo siku nne. Yule fundi akasema ametenga nauli na tiketi ya kuingilia hapa. Analala kwa binamu yake, kwenye kochi, miguu inaning'inia. Wakamhurumia, kisha wakamweleza la Duilio toka mwanzo: simu, nyota nne, upepo, majembe, meli. Alisikiliza yote na kikombe chake mkononi. Halafu akamgeukia Nereo.

— Kwani kwako hakuna kitanda?

Waziri akatazama vidole vya miguu yake. Admirali akainamisha chupa kwenye kikombe, na chupa haikutoa hata tone. Nereo alikiona kitanda waziwazi, kile cha dirishani, na makopo ya rangi aliyoyarundika juu yake mama yao alipofariki, akafunga mlango. Aliziona na ndala za ndani za Duilio, za kitambaa kizito, ambazo mama alizipanga chini ya kitanda zikitazama mlango, mwaka hadi mwaka, asiruhusu mtu azisogeze. Baridi ya kwanza baada ya msiba Nereo alizivaa yeye. Alizivaa mpaka soli zikatoboka.

— Kipo, ikasema sauti kutoka ng'ambo ya ukuta.

Ilikuwa ya Ondina, karibu kabisa, kama mtu aliyeegemea ukuta huohuo kwa mgongo.

— Makopo yako niliyapeleka stoo wiki ileile aliyopiga simu, Nereo, hata hujayaulizia. Shuka nimeshatandika. Nilikuwa nangoja mmalize hesabu.

— Shemeji, akasema Admirali kwa unyonge, kumbe ulikuwa unasikia?

— Tangu Mei, shemeji.

Nereo alisimama akashuka mpaka ukuta unapoishia, na mkewe akaja kwa upande wa wanawake, maji yakiwafika vifundoni.

— Aliuliza bei, Ondina.

— Ulitaka aulize nini? Miaka yote hiyo, mama hayupo, mtu ataanzaje kuuliza kama bado ana kwao? Alikuwa anangoja umwambie hakuna bei. Wewe ukamwambia utaulizia.

Nereo aliona aibu, na chini ya aibu hiyo aliona furaha, akashindwa kujua aanze na ipi. Aliporudi benchini aliwaomba sarafu za simu. Waziri wa Fedha akapekua mifuko ya suruali iliyotundikwa msumarini, akatoa zote alizokuwa nazo. Admirali akatoa zake. Hata mtu wa Udine akatoa tatu, na hiyo ikawa bajeti pekee ya benchi lile iliyowahi kutumika. Huko Australia, kwa hesabu ya Admirali, wanakaa mezani kwa chakula cha jioni.

Kibanda cha simu kiko langoni, karibu na anayekatisha tiketi. Nereo alizijaza sarafu, akapiga, akasikia mlio wa mbali sana.

— Duilio. Ile bei uliyoniuliza.

— Ndiyo, kaka. Ni kiasi gani?

Sarafu ikadondoka ndani ya mashine, ikafuata nyingine. Nereo alikuwa amepanga maneno mengi njiani, yote yakamtoka kichwani.

— Njoo na ndala za ndani. Zako nilizivaa mimi, zikaisha.

Sarafu zikaendelea kudondoka, na Nereo akazihesabu kwa hofu, zikabaki chache.

— Zile za kahawia? akauliza Duilio.

— Zilezile.