Walibisha Hodi Nikadhani ni Wagonjwa

Bwana asifiwe, watu wangu wa Kisaka! Aliyeamka na nguvu na aliyejikokota mpaka hapa, wote semeni amina!

Mnanijua. Mimi ni yule nesi wa kutoka Songea. Nilipoletwa hapa na serikali, mlinisalimia kwa sauti kubwa nikadhani mnanifokea. Leo hata mimi nimekuwa na sauti hiyo, nikipiga simu nyumbani mama yangu ananiuliza nimegombana na nani!

Ndugu zangu, mwaka huu nilikauka. Mwenzangu alikwenda likizo ya uzazi, nikabaki peke yangu zahanati. Wajawazito ni wangu, sindano ni zangu, watoto wenye homa ni wangu. Nikaacha kuja ibadani. Nikaacha hata kuomba. Nilikuwa nikipokea mtoto mchanga mikononi, namfuta, namfunika, na moyoni sisikii kitu. Hata furaha kidogo, hakuna!

Siku moja Bibi Ghati, huyu aliyekaa hapa mbele, alimleta mkwewe kujifungua. Akawa anauliza, anauliza tena. Nikamkaripia mbele ya watu: "Bibi, toka nje, unanichosha!" Mtu mzima kama mama yangu! Mkwewe alijifungua salama, lakini mimi nilirudi nyumbani nikaandika barua ya kuacha kazi. Nilipanga kuipeleka Jumatatu.

Jumamosi nikasikia hodi. Nikachungulia dirishani, nikaona kundi la akina mama, na Bibi Ghati mbele yao. Nikasema moyoni, wameniletea mgonjwa mpaka nyumbani. Nikapiga kelele, "Leo siko zamu! Niacheni nipumzike!"

Bibi Ghati akajibu, "Fungua, binti yangu. Hatuumwi."

Nilipofungua, mmoja alikuwa na kuni kichwani, mwingine ndoo ya maji. Bibi Ghati alibeba uji wa ulezi. Ndugu zangu, hivyo ndivyo mnavyokwenda kwa mwanamke aliyejifungua! Nikawaambia, "Jamani, mimi sijazaa."

Bibi akacheka. "Huku kwetu mzazi habebi ndoo. Wewe umezaa pamoja na wakwe zetu wote, na bado unabeba. Kaa chini unywe."

Nikasema, "Shikamoo, bibi. Nisamehe." Machozi yakaanza.

"Marahaba. Kunywa kwanza, utalia ukishashiba."

Wakafua, wakafagia, kisha wakaniombea kwa Kikurya. Sikuelewa ila jina langu na jina la Yesu, na yalinitosha! Palepale nikasema, "Bwana, nimechoka, nishike." Sala fupi, lakini ndiyo ya kwanza baada ya miezi mingi, na alinishika. Jumatatu nilikwenda kazini, na barua sikuipeleka. Mtoto wa kwanza niliyempokea wiki ile alipolia, nililia naye. Mama yake akaniuliza kama mtoto ana tatizo!

Kazi haijapungua, ndugu zangu, nisiwadanganye. Ila sasa ibada siikosi, na nikichoka nasema. Asanteni, mama zangu. Asante, Yesu.

Na wewe uliyechoka mpaka ukajifungia, usidhani Bwana anabisha hodi ili akuongezee kazi. Amekuja na uji, ndugu yangu. Fungua.