Mikono Inayoonekana katika Futi Tisini

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, wachungaji, wazee wangu wa mila, shikamooni, ndugu zetu mliovuka mpaka wa Sirari tangu asubuhi kuja kumtazama binti yetu, shemeji yangu Mama Wegesa, ndugu wageni waalikwa.

Jina langu ni Kisyeri. Nimeitwa mbele kwa niaba ya familia, kwa kuwa Wegesa, aliyeitengeneza hii filamu ya Futi Tisini tuliyomaliza kuitazama, ni binti wa kaka yangu, marehemu Ryoba. Hotuba niliyoandikiwa iko mfukoni, ina maneno mazuri sana, na nitaiacha humo humo.

Nianze na sifa, maana amezistahili. Tulipoambiwa inakuja filamu ya mapigano kuhusu dhahabu ya kwetu, nani kati yetu alitegemea zaidi ya ngumi na risasi? Mimi sikutegemea. Na ngumi mmeziona, na pikipiki zikifukuzana Nyamisangura mpaka kuku wa watu wakaingia kwenye picha. Lakini mmewaona pia vijana wa kule nyuma, waliokuja kupiga miluzi, walivyonyamaza ilipofika ile sehemu ya mikono. Dakika nne nzima, hakuna muziki, hakuna neno. Mikono ya mzee imeshika kamba inayoshuka kwenye shimo la dhahabu, duara la futi tisini, nasi tunasikia kamba ikilia tu, hadi inakatika. Binti huyu angeweza kutuonyesha mtu akifukiwa na udongo, tukapiga kelele, tukaenda kulala. Alikataa. Alituonyesha aliye juu, anayesubiri, na kila mama humu ukumbini aliyewahi kusubiri kwenye mdomo wa duara ameelewa. Hiyo ni kazi ya fundi, na nasema hivyo mimi nisiyejua chochote cha kamera.

Mikono ile ni yangu. Niwaeleze ilivyoingia humo.

Wegesa alinichukua niwafundishe waigizaji kushika kamba, kazi niliyoifanya miaka ya tisini, wakati watu wa kila kabila walipohamia kwetu na karai na sururu. Siku ya kupiga picha za wezi wa ng'ombe, akamwambia mwigizaji mmoja apige yowe. Mwenyekiti wa kijiji aliarifiwa, polisi waliarifiwa. Lakini nani aliwaarifu walio mlima wa pili? Kwetu yowe halina mwenyewe. Anayelisikia analipokea na kulipeleka mbele, na mwanaume anaacha chakula, anaacha hata maziko, anakimbia, kwa sababu asiyekimbilia la jirani, siku ya lake atalia peke yake. Basi wakaja vijiji vitatu na mapanga na mishale, wakamkuta Omondi, aliyeigiza mwizi. Omondi, simama watu wakuone u mzima. Alikuwa uvunguni mwa lori akisema, "Wazee wangu, mimi naigiza tu, hata ng'ombe wenyewe ni wa kukodi!" Leo tunacheka. Siku ile wenzangu waliwapigia magoti ndipo wakamwachia.

Watu wote wa filamu walikimbilia huko, isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeshika kamba kwenye duara la kuigizia, shimo la futi sita, na ndani yake palikuwa na mfuko wa mchanga. Sikuachia. Wegesa alipotazama nyuma akaniona, akanigeuzia kamera, akapata mlichokiona. Baadaye akaniuliza, "Baba mdogo, mbona hukukimbia?" Nikamjibu, "Miguu imezeeka."

Taa zilipowaka sasa hivi, watu kama kumi wamekuja kunishika mikono hii. Mchungaji ameniambia, "Ndiyo iliyomshika Ryoba mpaka mwisho." Shemeji yangu ameishika akalia. Ndugu zangu, nimeshindwa kuondoka na machozi hayo.

Kaka yangu alishuka asubuhi. Aliniambia, "Mura, mdogo wangu, nikitikisa mara mbili, vuta." Juu nilikuwa peke yangu. Likapigwa yowe la ng'ombe ng'ambo ya korongo, na mimi, kijana wa Kikurya niliyelelewa na yowe kabla sijaota ndevu, nikaifunga kamba kwenye mti nikakimbia. Nilijiambia narudi sasa hivi. Wale ng'ombe hawakuwa wameibwa. Walikuwa wamefuata maji. Niliporudi, udongo ulikuwa umeshuka, na pale nilipofunga kamba, gome la mti lilikuwa limechubuka hadi kwenye weupe. Mnanielewa? Alitikisa mara mbili. Akatikisa tena. Akavuta na kuvuta mpaka mti ukachubuka, na mimi nilikuwa natafuta ng'ombe wa mtu.

Kamba haikukatika. Niliikata mwenyewe kwa panga, nikaisugua kwenye jiwe, nikaja nyumbani na kipande mkononi. Hicho ndicho nilichokuonyesha, shemeji. Ndicho Wegesa alichosimuliwa tangu utotoni, na ndicho alichokiweka kwenye filamu yake, kwa upendo.

Wegesa, mwanangu, nasikia wiki ijayo filamu inapelekwa Mwanza, halafu Dar es Salaam. Fundi ni wewe. Ukitaka kuitoa mikono yangu, itoe. Ukitaka kuuweka mti mahali pa mikono hii, mti ule bado upo, nitakupeleka. Siombi msamaha hapa, maana mbele ya watu wote hawa nitakuwa nakulazimisha kunipa. Kesho asubuhi nitakuja kwa mama yako. Nitasimama nje ya boma mpaka mmoja wenu aniambie niingie au niende zangu.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, nisamehe, sherehe yako nimeiharibu. Na ninyi nyote nawashukuru kwa kukaa kimya mkanisikia mpaka nimemaliza. Leo sikukimbia.